Kichwa Alichokiosha Candida

Candida hakuwa mtu wa kusahau, na hilo lieleweke mapema. Kuna fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani aliwahi kumuuzia majiko ya mkaa yaliyooza chini, akayapaka rangi juu yakang'aa. Candida hakumgombeza. Alimsalimia kila siku, akamuulizia watoto, akacheka naye. Mwaka ukapita. Siku fundi yule alipokuwa anaozesha binti, akaja kuazima masufuria makubwa ya pilau. "Chukua, ndugu yangu, shughuli ni yetu sote," Candida akamwambia, akamtolea masufuria mazuri ajabu, yamesuguliwa mpaka unajiona uso, na yote yanavuja. Mchuzi wa harusi ulizima moto, wageni wakalala njaa. Huyo ndiye Candida, na mumewe alikuwa anamjua hivyo hivyo.

Aliletwa Dar es Salaam na ndoa, kutoka Kibosho, binti mfupi mwenye viganja vipana. Alimkuta Aristides ana kibanda cha bati chenye sufuria za kuhesabika. Miaka ile ambapo soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado ni mbao na zege, duka lao la vyombo lilikuwa limejaa mpaka darini: mabeseni ya maua, mabirika, majiko, vikaango. Watu walisema duka la Aristides, kwa sababu jina lililoandikwa mlangoni ni lake. Lakini aliyeamka alfajiri kwenda kupatana na mafundi, aliyejua nani analipa na nani ana maneno tu, aliyekaa nyuma ya meza na mimba ya Benjamini mpaka uchungu ukamkuta hapo hapo, ni Candida. Aristides alikuwa mzuri wa sura na mtamu wa maneno. Alikaa mlangoni, akaita wateja.

Uzuri ule ulikuwa na kasoro moja tu. Upara ulimwanza mapema, ukapanda kutoka kipaji cha uso mpaka utosini, na ulimkuta wakati mbaya kweli kweli. Vijana wa mjini walikuwa wanafuga nywele mpaka zinakuwa mpira, wanachomeka kitana juu, suruali ya bugaluu chini, viatu vya raizoni miguuni, wanapita barabara ya Msimbazi kama wameinunua. Aristides akiwatazama anaguna. Alianza kuvaa kofia hata ndani ya nyumba. Kisha akatokea Winifrida, karani wa shirika moja la umma, aliyekuja kununua birika, akarudi kulibadilisha, akarudi tena kuuliza kama kuna kubwa zaidi. Mtu mmoja, birika moja, safari zote hizo! Candida aliona. Akamfungia birika lake.

Basi ghafla bwana yule akaanza kushika kichwa. Asubuhi anashika, chakula kikiletwa anashika. Mwisho akatangaza kwamba amepimwa, ana uvimbe ndani ya kichwa, na daktari wa kuutoa yuko Nairobi peke yake. Jamani, nyumba ililia! Habari zikapanda mpaka kwao Kibosho. Ukoo ukakaa. Baba yake Aristides, Mzee Vitalis, mwenyewe alikuwa na ngiri iliyomtesa muda mrefu, na hospitali ya Moshi ilikwisha kubali kumpasua, kinachongojwa ni mavuno ya kahawa. Mzee akasema, "Mwacheni mdogo atangulie. Mimi nimeshaishi." Kahawa ya msimu ule yote ikaenda Nairobi.

Na Candida? Candida alikuwa na nywele ndefu, nyeusi, kila Jumamosi husukwa mtindo wa twende kilioni, na ndiyo anasa pekee aliyokuwa nayo duniani. Alikwenda kanisani akapiga magoti, akaweka nadhiri: Mungu akimrudisha Baba Benjamini mzima, atazikata zote. Siku simu ilipokuja kwamba mgonjwa katoka chumba cha upasuaji salama, alichukua mkasi hapo hapo. Alilia kwa furaha huku anakata, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kumpokea mumewe.

Aristides alirudi amefungwa kichwa kizima, anatembea taratibu, shingo haigeuki. Masharti aliyopewa yalikuwa mengi. Alale ameegemea mito, asiiname hata kufunga kamba ya kiatu, asijikune, jua lisimpige. Kichwa kimwagiwe maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, asubuhi na jioni, polepole bila kusugua, na makoko yaachwe yadondoke yenyewe. Kisogoni mkono wake haukufika. Ilibidi amtegemee mke.

"Mama Benjamini," akamwambia uani, ameketi kwenye kigoda, "utakachokiona humu, hukukiona. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Candida akafungua bendeji kwa huruma. Alitegemea kuona mshono mkubwa. Akaona utosi wote umepandwa vipande vya ngozi vya duara, kimoja kimoja, vimepangwa mistari kama miche ya kabichi, kila kimoja na nywele chache zimesimama. Kisogoni palikuwa na vishimo, kila kimoja punje ya dengu, pale vipande vile vilipong'olewa. Alizunguka kichwa kile chote akitafuta uvimbe ulikotolewa.

"Baba Benjamini, uvimbe ulitolewa wapi?"

"Wewe osha."

"Naosha. Nauliza tu, ulitolewa wapi?"

Aristides akacheka kwa puani. "Hapakuwa na uvimbe, mama. Wametoa nywele za nyuma wakazipandikiza mbele. Utaalamu huo! Zikishika, zimeshika mpaka kufa. Sasa ningewaambia nywele, nani angenisaidia?"

Candida alisimama na bakuli mkononi. Kitambaa chake kilikuwa kimelegea, upepo wa uani ukampita kichwani, na kichwa kilikuwa baridi. Mtu mwingine angembamiza na lile bakuli, na mimi nisingemlaumu. Yeye aliinamisha bakuli, akamwaga maji polepole kuanzia juu kwenda chini kama daktari alivyoagiza, mpaka yakaisha.

Hata hapo alikuwa hajajua lote. Lililobaki alilisikia siku chache baadaye, amebeba maji yale yale ya chumvi, amefika nyuma ya mlango wa stoo. Ndani alikuwamo Azzan, Mwarabu wa duka la vitambaa la jirani, amekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Zikiota tu, namhamishia Winifrida hapa," Aristides alikuwa anasema. "Duka la siku hizi linataka mtu wa kisasa mbele."

"Na mama watoto?" Azzan akauliza.

"Atapanda juu Kibosho, akatunze migomba na mama. Mjini kulishamchosha, hujamwona alivyonyoa kichwa?"

"Mimi maneno haya siyapendi, bwana," Azzan akasema, akaaga, akatoka. Alipomkuta Candida mlangoni aliangalia chini, akasema "Samahani, shemeji," akapita.

Hasira nyingine ni moto wa mabua. Ya Candida ilikuwa ya mkaa. Duka alilolijenga kwa magoti yake, akapewe karani wa mabirika! Na yeye arudishwe mlimani kama sahani iliyopasuka! Alilisawazisha bakuli mkononi, akaingia. "Geuka, Baba Benjamini, nikuoshe." Moyoni anasema: dawa yako inachemka.

Angeweza kumharibu. Mafuta ya taa yalikuwapo, pilipili ilikuwapo, na maji ya bomba bila kuchemshwa yalikuwapo tele. Alilifikiria hilo, tena sana, na akalikataa, si kwa wema. Kichwa kikioza, ukoo utamlilia upya, utamletea kuku, na ule uongo utazikwa ndani ya usaha. Candida hakutaka mtu yeyote amwonee huruma mwanaume yule. Alimtaka mzima, amenawiri, nywele zimeota, ana kitu cha kupoteza. Hapo ndipo amwanike. Vipi, alikuwa hajui bado, lakini alijua kungoja.

Kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyeuguzwa Kariakoo kama Aristides. Sabuni ilikuwa ya kupanga foleni; Candida alipanga. Foronya alizichemsha kila siku. Akimwona anapeleka kidole kichwani anamkamata mkono: "Usijikune, mume wangu, utang'oa." Jirani wakamsifu uani na barazani, yule ndiye mke. Azzan peke yake ndiye hakusifu. Alikuwa akimwona anapita na bakuli lake, anakaza macho kwenye vitambaa.

Mwezi wa kwanza nywele zilizopandikizwa zilianza kudondoka. Daktari alikuwa ameshasema zitadondoka, mizizi itatoa nyingine, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuziona kwenye mto wa kulalia ni kingine. Aristides alilia machozi. Kila asubuhi Candida aliziokota kwenye foronya, akamletea kitandani kwenye kiganja. "Hizi hapa, Baba Benjamini." Kesho yake tena. "Na hizi." Raha aliyoipata asubuhi zile hajapata kuipata kwenye sikukuu yoyote, Krismasi ikiwemo.

Kisha zikaota kweli. Zilitoka vichaka vichaka, kama mswaki, lakini zilitoka. Aristides akawa anajitazama kwenye matako ya sufuria mpya, anageuza shingo huku na huku. Nje alivaa kofia ya sufi, joto la Dar es Salaam linampikia ubongo, kwa sababu hakutaka kuzionyesha mpaka zishuke na kuchanika. Watu aliwaambia jua limekatazwa. Salamu za Winifrida zilikuwa zinaletwa, zinapokelewa.

Katikati ya hayo alikuja binamu mmoja kutoka nyumbani. Akasema mzee ngiri imembana, hali chakula, na Anselmi, kaka mkubwa, anauliza kama duka lina chochote apelekwe hospitali bila kungoja kahawa. Aristides akashika kichwa. "Ndugu yangu, dawa zinanimaliza. Nina hali gani mwenyewe?" Candida alikuwa nyuma ya meza, anapanga vifuniko. Ufunguo wa kijaluba cha mauzo ulikuwa kiunoni mwake. Neno moja tu lilitosha: kichwa kile ni kizima. Alilisikia limefika ulimini. Lakini nywele zilikuwa bado fupi, na Winifrida hajaonyeshwa, na yeye alitaka aanguke kutoka juu kabisa. Akasema moyoni, bado, ziote kwanza. Akaendelea kupanga vifuniko. Hapo mimi simtetei.

Mzee Vitalis alifariki kabla ya msimu.

Aristides hakwenda kuzika. Alituma habari kwamba daktari amekataza safari, basi litampasua mishono. Anselmi akamzika baba, watoto wote wakanyolewa, wakamkosa mmoja. Kwao, watoto wa marehemu hunyolewa wote ndipo msiba uvunjwe; na huyu si mtoto hivi hivi, ni kitinda mimba, na nyumba ya baba pamoja na kihamba chake, lile shamba la ukoo, ni ya kitinda mimba. Yeye ndiye wa kukaa na mjane. Asiponyolewa, kilio kinabaki wazi. Basi wakaona kama mgonjwa hawezi kupanda, wembe utashuka. Anselmi na baba mdogo Tarsis wakapanda basi kuja Dar es Salaam.

Aristides aliposikia wako njiani alimwita mkewe chumbani. "Nifunge bendeji."

"Kidonda kiko wapi?"

"Mama Benjamini, nifunge."

Akamfunga. Akaifunga vizuri, tabaka juu ya tabaka, akampigia fundo nyuma ya sikio.

Walikaa uani, wao na Wakibosho wengine wa Kariakoo waliokuja kutoa pole, wanaume kwenye benchi, wanawake kwenye mikeka. Anselmi alikuwa amenyolewa mpaka ngozi, macho mekundu. Aliongea kwa upole mtupu.

"Mdogo wangu, hatukulaumu. Baba mwenyewe alikufa anakuulizia kichwa. Mgonjwa hatumnyoi. Tutakata ushungi mmoja tu wa nywele hapo kisogoni, baba akalale. Na kwa kuwa wewe huwezi kukaa na mama, tumekubaliana Mama Benjamini apande badala yako. Hata wiki hii tunaweza kuondoka naye."

Aristides akashika kichwa. "Mkiamua ninyi wakubwa, mimi nitasema nini," akasema kwa sauti ya kufa, na Candida alimwona kabisa, kwenye pembe ya mdomo, anameza kicheko.

Mwanamke hasemi kwenye kikao kile. Candida akainuka mkekani.

"Shemeji, nisamehe. Kidonda kimepona."

"Nyamaza!" Aristides akasema, na sauti ya kufa haikuwepo tena.

"Ninyamaze nini, Baba Benjamini? Baba yako anangoja kulala. Mimi ndiye niliyekiosha kichwa hiki asubuhi na jioni, hakuna mwingine anayekijua. Shemeji, kimepona, wembe unapita popote. Njoo uone."

Aristides alitaka kusimama. Tarsis, mzee mwenye mkono mzito, akamweka mkono begani akakaa. Candida akafungua fundo. Alifungua polepole, tabaka kwa tabaka, na ile polepole ilikuwa yake mwenyewe, ameingojea muda mrefu mno kuimeza kwa haraka. Bendeji ikaanguka. Nywele zikasimama uani, mistari kwa mistari, zinang'aa mafuta ya nazi.

Mwanamke mmoja mkekani akatoa sauti, akajiziba mdomo.

Anselmi akasogea. Akapitisha kiganja juu ya zile nywele, akapitisha kisogoni kwenye makovu madogo ya duara. "Uvimbe ulitolewa wapi?"

"Kaka, ni mambo ya kitaalamu."

"Nionyeshe kwa kidole. Uvimbe ulitolewa wapi?"

Kidole cha Aristides kikapanda, kikazunguka utosi, kikashuka. Anselmi akalowesha kile kichwa maji, akafungua wembe, akaanza mbele. Alinyoa bila kuumiza, bila haraka, na kila mstari ulivyoanguka ndivyo ngozi ilivyojitokeza, ina mabaka ya duara utosini na ya duara kisogoni, kazi ya mkono wa mtu, hata mtoto angeona. Aristides alikuwa analia kwa sauti. "Zitaota tena," akasema mara moja, wembe ukaendelea.

"Kahawa ya baba," Tarsis akasema tu. Akarudia. "Kahawa ya baba."

Anselmi akafuta wembe. "Mgonjwa tulimwachia. Wewe ni mzima. Utapanda na sisi, utakaa na mama katika nyumba ya baba yako, utalima kahawa, na huku hutashuka mpaka mama azikwe. Duka atabaki nalo aliyekuwa analiendesha siku zote."

Candida alisikia miguu imekuwa myepesi. Ameshinda! Duka ni lake, karani na mabirika yake wamekwenda na maji, na yule bwana kakaa pale kwenye kigoda mweupe kama yai mbele ya kila anayemjua. Aliokota bendeji, akawa anaikunja. Alitaka kucheka na alijizuia kwa sababu ya msiba.

"Mama Benjamini," Anselmi akasema. "Ulijua lini?"

Angeweza kusema jana. Kila mtu angemwamini, maana nani asiyemwamini muuguzi wa namna ile? Aliwatazama, akamwona binamu yule aliyeleta habari ya ngiri, amekaa mwisho wa benchi, anamtazama mkononi, pale alipokuwa ameshika vifuniko siku ile. Uongo ukakataa kutoka.

"Tangu nilipofungua bendeji ya kwanza, shemeji."

Anselmi akakunja wembe. Hakupandisha sauti. "Baki na duka lako," akasema, akaenda kunawa mikono.

Tarsis ndiye aliyekuwa hajaelewa, au ameelewa na hajui lingine la kufanya. Alikuwa mtu aliyetumwa, na aliyetumwa hufikisha. Alifungua mfuko wake wa safari, akatoa kibuyu kidogo cha samli kimefungwa jani la mgomba, akamsogezea.

"Mjane amekupa hii," akasema. "Amesema ni ya yule aliyemuuguza mwanawe mpaka akapona, na kwamba Mungu amlipe sawasawa na alivyotenda."

Wote walikuwa wanatazama. Candida akaweka bendeji chini, akapiga goti, akakipokea kibuyu kwa mikono miwili, kwa sababu kitu cha mama mkwe hakipokewi vinginevyo.